Mwendo wa Salamu Maria

Yustina, mama yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kasense kumuaga bibi yako. Baba yako yupo sebuleni anafungua begi lako na kulipanga upya, anasema wewe hujui kupanga begi, na nikimwambia aliache anajibu kwamba yeye ndiye aliyesafiri zaidi humu ndani. Mimi nimekaa jikoni. Nimebandika maharage makusudi, ili mtu akinikuta hapa aone nina kazi.

Mambo ya sweta, sabuni na kutotembea peke yako jioni sitayaandika. Shangazi yako ameyasema yote, mengine mara mbili. Nataka kuongea na wewe habari moja tu, ya kukimbia, na nimeona niiandike kwa sababu nikikuambia uso kwa uso utasema "Nimeelewa, mama" kabla sijafika katikati. Karatasi huwezi kuikatiza.

Unakumbuka uliporudi kutoka kwenye mashindano ya Matai? Mimi sikwenda kukuona ukikimbia kwa sababu nilikuwa msibani Chala. Nilikukuta umekaa hapo kibarazani na viatu mkononi, nikakuuliza umekuwa wa ngapi.

"Wa sita, mama."

"Wa sita? Ilikuwaje?"

"Nilianza vizuri tu. Halafu sikukusikia."

Ulisema hivyo ukaingia ndani kuoga. Sidhani kama unalikumbuka neno lenyewe. Mimi nimelibeba tangu siku ile. Sikukusikia. Hukusema ulichoka, wala hukusema wenzako walikuwa na nguvu.

Yule kocha aliyekuchagua uende kambi ya Arusha hakukuona Matai. Alikuona hapa Sumbawanga, siku ile nimesimama kwenye kona nakupigia kelele mpaka koo likakauka. Na umeniambia mwenyewe juzi, huku unasugua viatu, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba mwisho wa mwezi atawakimbiza wote mita elfu moja na mia tano, na wale ambao hawatamridhisha watarudishwa makwao. Nilikuitikia "haya" nikaendelea kuchambua mboga. Lakini nilikuwa nawaza jambo moja: siku hiyo kwenye kona hatakuwepo mtu wa kukuita.

Kwa hiyo nisikilize, nikusimulie habari ambayo umeisikia nusu tu.

Unajua nilikimbia nikiwa shule ya msingi. Hujui nilikuwa napimaje mwendo. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa Mwalimu Remijus, mtu mrefu, mpole, mwenye baiskeli iliyokuwa inalia kama mbuzi. Saa yake ya mkononi ilikuwa imekatika mshale wa sekunde, kwa hiyo ilimfaa kujua muda wa kwenda nyumbani tu. Alikuwa anatuambia, "Mzunguko wa kwanza na wa pili ilingane." Ilingane kwa kipimo gani, hatukujua. Tulikuwa tunakimbia kama ndama waliofunguliwa, halafu tunamalizia kwa kutembea.

Mimi kipimo nilikitoa nyumbani. Bibi yako ndiye aliyekuwa anaongoza rozari kwenye jumuiya yetu, na wewe mwenyewe umemsikia anavyosali mpaka leo. Hana haraka, hana kujivuta. Iwe shukrani ya mavuno, iwe matanga, mwendo wake ni uleule. Nimelala mgongoni kwake nikiusikia, nimekaa chini kwenye mkeka nikiusikia, umeniingia kama maziwa. Basi siku moja nikiwa nazunguka kile kiwanja chetu cha nyasi kando ya kanisa, nikajikuta nasali moyoni kwa mwendo wa bibi yako, na Salamu Maria ya kumi ikaishia palepale penye goli nilipoanzia. Nikazunguka tena. Ikaishia palepale. Mzunguko mmoja, kumi moja la rozari.

Mwalimu Remijus akaniita. "Oliva, wewe mbona leo hukufa njiani? Umepata saa wapi?"

"Salamu Maria, mwalimu."

"Nimekuuliza saa."

"Ndiyo hiyo, mwalimu."

Alicheka akakaa kwenye nyasi. Kisha akasimama, akajikung'uta suruali, akasema tena kwa upole, "Hebu zunguka, mimi nisali huku." Alikaa pembeni anahesabu kwa vidole kama mama wa jumuiya, na nilipofika kwenye goli alikuwa amekunja kidole cha kumi. Kuanzia hapo timu nzima ya wasichana ikawa inakimbia kwa rozari. Wengine walikuwa wanakosea maneno, wengine walikuwa wanaruka katikati ili wafike haraka, na tulikuwa tunagombana njiani nani amemwibia Mama Maria. Mwanangu, sijui kama nimewahi kucheka tena kama tulivyocheka mwaka ule. Tulikuwa tunatoka mazoezini jua linashuka nyuma ya milima, upepo wa huku unavyojua kuuma masikio mwezi wa sita, tumeshikana mikono, nguo za shule tumezifunga kiunoni, tunanukia nyasi na jasho, na kila aliyetuona njiani alikuwa anatuuliza, "Nyie watawa, mnakimbilia wapi?"

Nilishinda shuleni. Nikashinda kata. Nikashinda na kule mbele, mpaka nikafika mashindano ya mkoa, hapa mjini.

Siku hiyo ndiyo nataka uione. Kiwanja kimechorwa chokaa, ngoma zinapigwa, watu wamepanda mpaka kwenye miti kuangalia. Mimi nimevaa raba za kuazima. Pembeni yangu amesimama msichana mmoja peku, jina lake Minza, mtoto wa wafugaji waliohamia bonde la Rukwa kutoka Usukumani. Ana miguu mirefu, ametulia kama yuko kwao anasubiri ng'ombe wanywe maji. Firimbi ikalia.

Nikaanza kusali. Mzunguko wa kwanza, Salamu Maria ya kumi ikaishia palepale penye alama. Nikajiambia, Oliva, uko sawasawa. Mzunguko wa pili nikasikia mtu anahema nyuma ya bega langu, halafu sauti.

"Dada, unasali au unakimbia?"

Kumbe midomo ilikuwa inatoa sauti. Nikamjibu kwa ukali, "Vyote."

"Basi niombee na mimi."

Wasichana wawili nyuma yetu wakacheka. Kucheka, mwanangu, katikati ya mbio! Nikaona aibu, nikaongeza. Na kumi la pili nalo likaishia palepale. Sawasawa kabisa. Nilikuwa na furaha moyoni kwa sababu kipimo changu hakikunidanganya.

Mzunguko wa tatu miguu ikaondoka. Sijui nikuelezeje, ila wewe unajua, ulikutana nayo Matai. Siyo maumivu. Ni kama miguu imekuwa ya mtu mwingine na yeye hataki kukuazima. Minza akanipita taratibu tu, wala hakuongeza mwendo. Wale wawili wakanipita. Akanipita hata msichana mmoja mnene ambaye shule yao ilimleta kujaza nafasi. Nilimaliza nikiwa natembea na kukimbia, na watu wananipigia makofi yale ya huruma, ambayo ni mabaya kuliko kuzomewa.

Nilijitupa chini. Minza akaja, akanishika mkono akaninyanyua.

"Usilale, utashikwa na baridi. Tembea." Tukatembea. Kisha akaniambia, "Mimi nilikuwa nakusikiliza wewe. Umeanza kusali kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Nikasema huyu anaisha sasa hivi, ngoja nikae hapa nyuma."

Nikasimama. "Lakini nilikuwa nafika kwenye alama na kumi langu!"

"Si ulikuwa unasali haraka na unakimbia haraka? Vitaachana vipi?"

Ndilo hilo, mama. Kipimo changu kilikuwa ndani yangu mimi, na mimi niliogopa, kikaogopa pamoja nami. Kiwanjani kwetu nilikuwa nasali kwa mwendo wa bibi yako kwa sababu moyo ulikuwa umetulia kama wake. Mjini, na zile ngoma, nilikuwa nasali kwa mwendo wa woga, na sikujua, kwa sababu hesabu ilikuwa inatoka vilevile. Mtu mwenye saa mbovu angalau anajua saa ni mbovu.

Jumamosi yake nikaenda kuungama. Nikamwambia padre kwamba nimesali ovyo, nimekimbiza rozari kwa ajili ya mashindano. Akaniuliza, "Na ulimshinda?"

"Nani, padre?"

"Mama Maria. Si mlikuwa mnashindana?"

Nilidhani ananikemea, kumbe nyuma ya kile kitambaa mtu anacheka. Akanipa malipizi mepesi: Salamu Maria moja tu, ila niisali nikiwa nimekaa.

Wiki iliyofuata Mwalimu Remijus alinichukua peke yangu, yeye kwenye baiskeli yake, tukaenda upande wa milima ya Mbizi asubuhi na mapema. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, hata mashamba ya ulezi ulikuwa huyaoni, unasikia tu harufu ya udongo uliolowa. Akaniambia, "Leo hakuna kusali."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Utasali tukirudi. Mungu yupo na jioni. Sasa hivi kimbia usikilize."

"Nisikilize nini?"

"Ningejua ningekuambia."

Akabaki nyuma mpaka baiskeli yake ikaacha kusikika. Mwanzo nilishikwa na kiwewe. Kichwa kilitaka kuanza Salamu Maria, nikakikataza, kikaanza wimbo wa kwaya, nikakikataza. Halafu pakawa kimya. Nikasikia raba zinagusa udongo. Nikasikia pua. Nikasikia kwamba hatua fulani kadhaa ni pumzi ya kuingia, na hatua fulani ni ya kutoka, na kilima kikianza tu, kabla hata macho hayajakiona kwenye ukungu, pumzi inakuwa imeshajua, inafupika. Nikipunguza kidogo inarudi. Nikiongeza inalalamika. Ilikuwa inaongea muda wote, miaka yote, na mimi nilikuwa nimeifunika kwa maneno. Yalikuwa maneno matakatifu, lakini nilikuwa nimeyapa kazi isiyo yake.

Sikumbuki nilikimbia umbali gani. Nakumbuka nilifika mahali ukungu ukapasuka, nikaona uwanda wetu wote umelala chini yangu, moshi wa asubuhi umesimama juu ya nyumba moja moja, na sikuwa nimechoka. Nikakaa kwenye jiwe nikasali rozari nzima, polepole, ya bure, isiyopima kitu. Mwalimu aliponifikia, anasukuma baiskeli, akaniuliza, "Umesikia nini?"

"Nimesikia pua yangu, mwalimu."

"Basi umefaulu," akasema, na hapo ndipo akaanza kukohoa kwa ajili ya kile kilima.

Darasa la saba likaisha mwaka uleule na mbio zangu zikaishia hapo. Hakukuwa na mashindano mengine kwangu. Hakuna mtu aliyewahi kuniona nikikimbia kwa namna ile niliyoipata mlimani, isipokuwa ule ukungu. Sisemi hivi kwa uchungu. Nilipata jembe, nikampata baba yako, nikakupata wewe na wadogo zako. Lakini nikisikia baridi ya mwezi wa sita inaingia chini ya mlango, miguu yangu inaikumbuka ile njia kabla mimi sijaikumbuka.

Sasa nije kwako.

Ulipoanza kukimbia nilifurahi kupita kiasi. Nikasema huyu hatapotea nilipopotea mimi, nitakuwa namwita mwendo mwenyewe. Nikawa nasimama kwenye kona. "Tulia, Yusta. Tulia. Bado. Bado. Haya, sasa!" Na ulikuwa unatii, mtoto mzuri, ukawa unashinda. Watu wakasema mama yake ni kocha. Nilivimba, nisikufiche.

Baada ya ile ya Matai nilimwomba mdogo wako anionyeshe kwenye simu ile video aliyopiga ukishinda hapa Sumbawanga. Nimeiangalia mara nyingi. Siku ya kwanza nilikuangalia wewe. Siku ya pili nilifumba macho nikajisikiliza mimi. Yustina, mzunguko wa kwanza tu sauti yangu ilikuwa imeshapanda. "Tulia, tulia, tulia," naisema kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Nakuambia utulie na sauti yenyewe inakuambia ukimbie. Nawe ukaisikiliza sauti, hukusikiliza neno. Ulishinda kwa sababu siku ile wenzako walikuwa wachovu kuliko wewe. Woga wangu wa kile kiwanja cha zamani nimekuwa nikikupigia kelele nao masikioni, nikiuita mwendo.

Nilikuwa nimekuwa Salamu Maria yako. Ndiyo maana Matai hukusikia kitu. Hukuwahi kuachiwa ukimya wa kusikia.

Sasa huko unakokwenda kuna watu wenye saa za kisasa na makocha wanaojua, watakufundisha, na uwatii. Wakikuambia mzunguko wako umechukua muda gani, shika. Mimi sina elimu hiyo. Ila ninachokijua kwa mwili wangu ni hiki. Wanasema Arusha ipo chini kidogo kuliko huku kwetu, na sisi watoto wa uwanda huu tukishuka, siku za mwanzo kifua kinakuwa chepesi mno, unajiona unaweza kuruka nyumba. Usikiamini. Waulize waliowahi kushuka bonde la Rukwa wakacheza mpira na wenyeji: nusu ya kwanza mabingwa, nusu ya pili wanaomba maji. Huo wepesi ni wa kuazima kama raba zangu.

Na mzunguko wa kwanza, ukiwa unakimbia sawasawa, utaona aibu. Hiyo ndiyo alama niliyonayo mimi. Utaona kama watu wanakutazama wanasema huyu mvivu amefuata nini. Wenzako wataondoka, migongo yao itakuwa mizuri sana kwa mbali, na mwili wako wote utataka kuwafuata. Kaa na aibu yako. Mzunguko wa tatu migongo ile inarudi yenyewe. Na kama haitarudi, basi wale ni wakimbiaji kuliko wewe siku hiyo, na hilo nalo si msiba.

Anza kukimbia kimya huko. Tafuta asubuhi ambayo hakuna anayekuita. Usali kabla, usali baada, Mungu hachukii kumngoja mtu anayehema. Lakini katikati pale jiachie usikie kilichopo. Sijui pumzi yako inasema nini. Nimekuzaa, nimekunyonyesha, nimekusimamia kwenye kona miaka yote hii, na sijui, kwa sababu sikunyamaza. Labda mwendo wako si ule ninaokuitia hata kidogo. Labda wewe ni mtu wa kuanza mbele na kukaa mbele, na mimi nimekurudisha nyuma bure. Utakuja kuniambia.

Nataka ufaulu hayo majaribio. Nisijifanye mtakatifu, nataka sana, na jumuiya nzima nimeshaiambia iombe. Wakikurudisha, chumba chako ni chako na kiwanja kipo. Lakini ukifaulu, ufaulu kwa kitu ulichokisikia mwenyewe, maana ukifaulu kwa sauti yangu itabidi nihamie Arusha, na baba yako begi langu nalo atataka kulipanga.

Ulisema siku hiyo ya majaribio utanipigia simu asubuhi ili nikuambie maneno mawili matatu kabla hujaingia uwanjani. Nimefikiri sana. Usinipigie. Nitakapokuwa hapa nitatamani simu ilie, nitaishika mkononi, pengine nitalia, lakini ikilia sitaipokea. Nipigie ukishamaliza, ukishatembea, ukishakunywa maji. Na usianze na umekuwa wa ngapi. Anza kwa kuniambia umesikia nini. Nitakusikiliza mpaka mwisho, sitasema kitu.

Nasikia baba yako anauliza kama umerudi. Maharage yamekauka maji.

Mama yako,
Oliva